Kabla Hukumu Haijasomwa: Serikali Zinavyopinga Adhabu ya Kifo Nje ya Mipaka Yao

MASWALI YA WASOMAJI

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: serikali inaweza kufanya nini mtu anapohukumiwa kifo katika nchi ambayo si yake. Majina ya walioandika tumeyaacha, kwa kuwa baadhi yao wana jamaa walio gerezani hadi sasa.

Kila nchi ina sheria zake na mahakama zake. Serikali ya mbali inapoiambia nyingine isimnyonge mtu, si kuingilia ya nyumba ya watu huko? (Msomaji, Tanga)

Hapa pana mambo mawili ambayo huchanganywa. Ipo serikali inayopinga adhabu yenyewe, awe anayenyongwa ni raia wake au mtu baki. Nchi za Umoja wa Ulaya zina mwongozo wa pamoja tangu 1998 unaowaelekeza mabalozi wao ni lini waandike waraka, ni lini waombe kuonana na waziri, na kesi zipi wazitangulize: za watoto, wajawazito, wagonjwa wa akili, na watu waliohukumiwa bila utetezi wa maana. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni maombi, na mwenyeji mara nyingi hujibu kama unavyosema wewe.

Kumtetea raia wako ni habari nyingine. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu kazi za ubalozi mdogo, ambao nchi zaidi ya 180 zimejifunga nao, unasema katika ibara ya 36 kwamba mgeni aliyekamatwa aambiwe bila kuchelewa kuwa ana haki ubalozi wake upewe habari. Akitaka, habari ipelekwe bila kuchelewa, na maafisa wa ubalozi waruhusiwe kumtembelea, kuandikiana naye na kumtafutia wakili. Mwenyeji akikiuka hayo amevunja ahadi aliyoitia saini mwenyewe.

Na mwenye kudai haki hiyo si lazima awe amefuta adhabu ya kifo kwake. India hunyonga. Hata hivyo mwaka 2017 iliishtaki Pakistan mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague kwa kuwanyima maafisa wake nafasi ya kumwona raia wake aliyehukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi. Mahakama ilizuia utekelezaji Mei 2017, na Julai 2019 ikaamua kwamba Pakistan ilivunja mkataba na kwamba hukumu ipitiwe upya. India haikuhitaji kusema neno hata moja kuhusu ubaya wa kitanzi.

Mexico inasifiwa sana kwa kuokoa watu wake huko Marekani. Imefanya nini ambacho wengine hawafanyi? (Msomaji, Minneapolis)

Imelipa watu wa kufanya kazi mapema. Mengine yote yanafuata hapo.

Mexico mara ya mwisho kumwua mtu kwa hukumu ilikuwa 1961, naye alikuwa askari, na mwaka 2005 ikaifuta adhabu hiyo katika katiba. Lakini raia wake wengi wanaishi katika majimbo ya Marekani yanayoua, Texas ikiongoza. Mwaka 2000 serikali ikaanzisha mpango wa msaada wa kisheria kwa ajili ya kesi hizi tu, ukiendeshwa na mawakili wa Marekani wanaojua taratibu za huko, badala ya kumwachia afisa wa ubalozi mwenye pasi 200 za kushughulikia mezani.

Mpango ule ulielewa kwamba kesi ya kifo Marekani huamuliwa kabla haijaanza. Mwendesha mashtaka ndiye anayechagua kuomba kifo au kutoomba, na akishatangaza hadharani ni shida kumrudisha nyuma. Kwa hiyo miezi ya mwanzo ndiyo ya kumfikia. Ubalozi mdogo ukipata habari, mtu wake anakwenda gerezani. Mawakili wanaangalia kama wakili aliyeteuliwa na mahakama amewahi kushika kesi ya kifo. Na kama hajawahi, wanamwongezea wataalamu. Kisha wachunguzi wanakwenda Mexico kutafuta ushahidi wa kupunguza adhabu: cheti cha kuzaliwa, rekodi za shule na hospitali, walimu na majirani walio tayari kusema mtoto alivyokua, dalili za ulemavu wa akili. Hili la mwisho si huruma tu. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2002 kwamba mwenye ulemavu wa akili haruhusiwi kuuawa kabisa, na ushahidi wa utotoni ni sharti la kuuthibitisha ulemavu huo. Wakili wa Houston hawezi kuupata kwa simu katika kijiji ambacho rekodi za zahanati ziko kwenye daftari la karatasi.

Katika majimbo mengi jopo la raia 12 lazima likubaliane lote ili mtu ahukumiwe kifo. Mmoja akisita, mtu anapata kifungo cha maisha. Ushahidi wa utotoni unakusanywa kwa ajili ya huyo mmoja.

Mexico iliposhtaki Marekani huko The Hague, Januari 2003, ilikuwa tayari imekusanya habari za raia wake mmoja mmoja. Hukumu ya tarehe 31 Machi 2004, inayojulikana kama kesi ya Avena, ilikuta kwamba watu 51 hawakuelezwa haki yao bila kuchelewa. Mmoja wao alielezwa saa 40 baada ya kukamatwa, na hata huyo mahakama ilisema amecheleweshwa. Polisi hawalazimiki kumweleza mtu kabla ya swali la kwanza, lakini wakishagundua au wakiwa na sababu ya kudhani kuwa ni mgeni, saa inaanza kuhesabu.

Na Marekani ilitii hukumu hiyo? (Msomaji huyohuyo)

Nusunusu, na namna ilivyokwama inafundisha kuliko ushindi wenyewe.

Huko Oklahoma, Mei 2004, wiki chache tu baada ya hukumu, gavana Brad Henry alibadili adhabu ya raia mmoja wa Mexico kuwa kifungo cha maisha, akiitaja hukumu ya The Hague miongoni mwa sababu zake. Gavana mmoja, jimbo moja. Texas ilikataa. Rais George W. Bush aliandika mwaka 2005 kwamba mahakama za majimbo zifuate uamuzi ule, na papo hapo serikali yake ikajitoa kwenye itifaki iliyoruhusu nchi kushtakiwa kwa jambo hili tena. Machi 2008 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema kwamba rais hana uwezo wa kulilazimisha jimbo kwa waraka, na kwamba Bunge lisipotunga sheria hukumu ya nje haiwafungi majaji wa Texas. José Medellín, mmoja wa wale 51, aliuawa tarehe 5 Agosti 2008. Wengine walimfuata 2011 na 2014.

Kwa hiyo ukiongea na serikali yenye muundo wa shirikisho, jua ni nani mwenye kalamu. Waziri wa mambo ya nje anaweza kukubaliana nawe kabisa huku mwenye uamuzi akiwa gavana, au bodi ya msamaha, ambaye balozi hajawahi kumtembelea. Ujerumani ilijifunza hilo mwaka 1999 Arizona: ilipeleka kesi The Hague tarehe 2 Machi, siku moja kabla ya ndugu wa pili kati ya wawili raia wake kuuawa. Wa kwanza alikuwa ameshauawa wiki moja kabla. Walikuwa wamekamatwa tangu 1982, na ubalozi ulipata habari 1992, tena kutoka kwa wafungwa wenyewe. Kufikia hapo sheria ya Marekani ilishaziba njia: hoja isiyotolewa mapema mbele ya mahakama ya jimbo haisikilizwi baadaye, hata kama sababu ya kutoitoa ni kwamba polisi hawakumwambia mtu haki yake. Ni mantiki ya ajabu, lakini ndiyo iliyotumika.

Mbona Australia ilipiga kelele zote zile 2015, na vijana wake wakapigwa risasi Indonesia? (Msomaji, Nairobi)

Kelele zilianza wakati milango ilishafungwa, na nyingine zilisaidia kuifunga.

Andrew Chan na Myuran Sukumaran walikamatwa Bali Aprili 2005 katika kundi la Waaustralia tisa waliotaka kusafirisha heroini. Waliowaarifu polisi wa Indonesia ni polisi wa Australia wenyewe, kwa barua, siku chache kabla. Serikali iliyofuta adhabu ya kifo ikatoa habari kwa nchi inayoua bila kuweka sharti lolote. Miongozo ya polisi hao ilirekebishwa 2009, kesi ikiwa imeshapita.

Kosa jingine lilikuwa la ulimi. Indonesia ilipowahukumu kifo walipuaji wa Bali wa 2002, waziri mkuu John Howard hakupinga. Jakarta ililikumbuka hilo. Ukipinga kitanzi kwa raia wako na kukinyamazia kwa adui yako, mwenyeji anaelewa kwamba huna msimamo, una jamaa tu.

Kisha Joko Widodo akaingia madarakani Oktoba 2014 na kutangaza kwamba wafungwa wa dawa za kulevya hawatapata msamaha. Rais akishasema hivyo mbele ya wapiga kura wake, kumwomba hadharani ni kumwomba aonekane dhaifu. Februari 2015 waziri mkuu Tony Abbott akaikumbusha Indonesia msaada ambao Australia iliutoa baada ya tsunami ya 2004. Waindonesia walijibu kwa kukusanya sarafu ili wairudishie Australia fedha zake. Msaada ukishageuzwa deni mbele ya watu, hakuna rais atakayethubutu kuonekana ameulipa kwa kusamehe. Wawili hao waliuawa tarehe 29 Aprili 2015 kisiwani Nusakambangan. Balozi wa Australia akaitwa nyumbani, na Juni akarudi kazini. Brazil na Uholanzi walikuwa wamewaita wao Januari, raia wao walipouawa hukohuko. Kumwita balozi baada ya risasi ni adabu ya msiba. Haimfikii tena aliyekwisha kuuawa.

Usiku uleule, Mfilipino mmoja mwanamke aliyekuwa kwenye orodha aliondolewa dakika za mwisho. Ufilipino haikumwambia Widodo kwamba adhabu ya kifo ni mbaya, ingawa yenyewe imeifuta tangu 2006. Ilimwambia kwamba mwanamke aliyemsajili amejisalimisha kwa polisi wa Ufilipino na kwamba mfungwa huyu anahitajika kama shahidi dhidi ya wasafirishaji wa watu. Hapo rais alipata njia ya kusitisha bila kurudisha neno lake. Mwanamke huyo alirudishwa Ufilipino Desemba 2024, mwezi uleule Waaustralia watano waliobaki wa kundi la Bali walipokwenda kwao.

Tuongeze hili kwa kuwa linasahaulika: Aprili hiyohiyo ya 2015, Saudia iliwakata vichwa wafanyakazi wawili wa nyumbani Waindonesia ndani ya siku chache, na Indonesia ikalalamika kwamba haikuarifiwa. Serikali iliyokuwa inapanga kuwapiga wageni risasi ilikuwa wakati huohuo inawaombea raia wake. Kila ombi lake Riyadh lilibeba uzito huo.

Nilisoma kwamba Afrika Kusini ilimtoa Mzanzibari kwa Wamarekani, halafu mahakama ikasema ilikosea. Ilikuwaje? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ni Khalfan Khamis Mohamed, aliyetafutwa kwa mlipuko wa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, uliowaua watu 11 siku ambayo Nairobi nayo ilipoteza zaidi ya 200. Alikamatwa Cape Town Oktoba 1999 na kusafirishwa New York mara moja. Hakuna aliyeiomba Marekani iahidi kwamba hatauawa.

Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba serikali ilivunja katiba. Nchi iliyofuta adhabu ya kifo, na wao mahakama yao iliifuta 1995, haiwezi kumkabidhi mtu kwenye hatari hiyo bila hakikisho. Mtu alikuwa ameshaondoka, na majaji wa Johannesburg hawana amri juu ya New York. Walichoweza ni kuagiza hukumu yao ipelekwe haraka kwa mahakama iliyokuwa ikimhukumu. Jopo la huko halikukubaliana juu ya kifo, na akapata kifungo cha maisha.

Hakikisho zuri huandikwa namna gani? Lisiseme tu kwamba "hatanyongwa". Liseme kwamba adhabu ya kifo haitaombwa, kwamba ikitolewa haitatekelezwa, na kwamba hakuna shtaka jipya lenye adhabu hiyo litakaloongezwa mtu akishafika. Litiwe saini na mwenye mamlaka: katika kesi ya jimbo, mwendesha mashtaka wa jimbo hilo, maana barua ya ubalozi pekee haimfungi. Lije kabla ya ndege. Waliomtoa mtu kwanza kisha wakaanza kuandika barua, wamebaki na barua.

Kanuni hiyohiyo inahusu ushahidi. Mwaka 2018 Uingereza ilikubali kuipa Marekani ushahidi dhidi ya wapiganaji wawili wa kundi la Islamic State bila kudai hakikisho. Machi 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema serikali ilivunja sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Agosti mwaka huo Marekani ikaahidi kutoomba kifo, ushahidi ukapelekwa, na wote wawili wakafungwa maisha. Wamarekani walitaka hukumu, na bila ushahidi wa Uingereza kesi ingekuwa dhaifu. Walioshika kitu kinachohitajika walipewa ahadi. Miaka miwili ya kutodai ilikuwa ya bure.

Je, ni kweli Rwanda ilifuta adhabu ya kifo kwa sababu ya mahakama ya Arusha? (Msomaji, Arusha)

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilipoundwa Novemba 1994, Rwanda ilipiga kura ya kuipinga, na mojawapo ya sababu ni kwamba isingeweza kutoa adhabu ya kifo: waliopanga mauaji wangefungwa Arusha huku waliotumwa wakipigwa risasi Kigali. Aprili 1998 Rwanda iliwaua hadharani watu 22. Lakini Arusha ilipokaribia kufunga kazi na kutaka kuhamisha kesi, kanuni zake zilikataza kumpeleka mtu mahali anapoweza kuuawa. Nchi za Ulaya zilizowahifadhi watuhumiwa nazo zilisema hivyohivyo. Rwanda ikafuta adhabu hiyo Julai 2007.

Hata hivyo maombi ya 2008 ya kuhamisha kesi yalikataliwa, na mojawapo ya sababu ni kwamba adhabu iliyowekwa badala yake ilikuwa kifungo cha maisha katika upweke, na majaji waliona huo nao ni ukatili. Sheria ikarekebishwa tena, na mtuhumiwa wa kwanza akahamishiwa Kigali 2012. Hatujui mfano mwingine Afrika Mashariki ambapo shinikizo la nje lilibadilisha sheria kwa uwazi kiasi hiki, na lilifaulu kwa kuwa Rwanda ilikuwa na jambo iliyolitaka sana: iwahukumu watu hao yenyewe.

Ndugu yetu yuko gerezani Saudia kwa kesi ya damu. Kwa nini serikali haimwombi mfalme amsamehe? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu katika kesi ya kisasi haki si ya mfalme. Tazameni kwanza hukumu imeandikwa chini ya mlango gani. Ikiwa ni adhabu ya hiari ya kadhi, kama zilivyo nyingi za dawa za kulevya, mfalme anaweza kupunguza, na hapo barua ya rais kwa mfalme ina kazi. Ikiwa ni kisasi cha mauaji, uamuzi uko kwa warithi wa marehemu. Serikali inaweza kuwaombea muda na kuwatuma wasuluhishi, basi.

Ombeni nakala ya hukumu na tafsiri yake, pamoja na hati ya mahakama inayotaja warithi wote. Akisamehe mrithi mmoja tu, kisasi kinaanguka, na waliobaki wana haki ya fidia ya damu. Akiwapo mrithi mtoto, mahakama husubiri akue, na miaka hiyo ni muda wa kusuluhisha, ingawa mfungwa yuko ndani. Mazungumzo yaende kwa kamati za usuluhishi za mikoa au kwa wazee wa ukoo wa marehemu. Mwanadiplomasia mwenye tai akitangulia peke yake mara nyingi huchukuliwa kama mtu aliyekuja na mfuko.

Kiwango cha fidia kilichowekwa mwaka 2011 kwa kuua kwa kukusudia ni riyal 400,000, lakini mapatano ya kuacha kisasi hayana kikomo. Mkenya mmoja aliyekuwa na kesi ya tukio la 2011 alidaiwa riyal milioni 3.5. Siku ya kuuawa iliwekwa Mei 2024 ikasogezwa, ikawekwa tena Novemba ikasogezwa, kila mara kwa maombi ya serikali ya Kenya, na akaachiliwa Julai 2025. Kazi ya serikali pale ilikuwa kununua muda. Fedha zilitoka kwa taasisi ya kimataifa ya Kiislamu. Indonesia mwaka 2014 ililipa riyal milioni 7 kwa mfanyakazi mmoja wa nyumbani, sehemu ikitoka serikalini.

Michango ya hadharani ina hatari yake: kadiri kampeni inavyosikika, ndivyo dau linavyopanda, na kesi inayofuata inaanzia pale ya mwisho ilipoishia. Changeni kimya mpaka kiasi kimeandikwa na kusajiliwa. Fedha zipitie akaunti inayotambuliwa na mahakama, msamaha usajiliwe mbele ya kadhi, na mpewe hati. Dalali anayesema "nitumie nusu, nitaongea na familia" mwacheni.

Kwa dawa za kulevya, serikali ina nafasi gani huko Asia? (Msomaji, Kampala)

Ndogo, na inapungua kila siku inayopita. Singapore humhukumu kifo aliyebeba zaidi ya gramu 15 za heroini safi, na kwa muda mrefu hakimu hakuwa na hiari. Tangu 2013 anaweza kutoa kifungo cha maisha ikiwa mtu alikuwa mbebaji tu na mwendesha mashtaka amethibitisha kwamba alisaidia kuvuruga biashara hiyo. Kwa hiyo mtu anayefundishwa na jamaa zake "usiseme chochote" anaweza kuwa anapoteza mlango wake pekee. Aamue na wakili. Malaysia iliondoa ulazima wa kifo mwaka 2023. Vietnam, kuanzia tarehe 1 Julai 2025, imekiondoa kifo kwa makosa manane, likiwamo la kusafirisha dawa za kulevya, na waliokwisha kuhukumiwa kwa makosa hayo hubadilishiwa kuwa kifungo cha maisha. Kuuza dawa hizo bado kuna adhabu ya kifo, hivyo jina la shtaka ndilo la kupigania. Huko rufaa ni ndani ya siku 15, na ombi la msamaha kwa rais ni ndani ya siku 7 baada ya hukumu kuwa ya mwisho. Ubalozi wa Kenya, kwa mfano, umekuwa ukiishughulikia Vietnam kutoka Bangkok. Siku 7 huisha upesi mtu akisubiri viza.

Wamarekani watatu waliohukumiwa kifo Kinshasa walirudi kwao. Wakongo waliohukumiwa nao je? (Msomaji, Bukavu)

Mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo watu 37 Septemba 2024 kwa jaribio la mapinduzi la Mei mwaka huo. Aprili 2025 adhabu ya Wamarekani hao ilipunguzwa kuwa kifungo cha maisha na wakasafirishwa kwao, wakati ambapo Kinshasa na Washington zilikuwa zikizungumza kuhusu usalama na madini. Marekani haipingi adhabu ya kifo. Ilitaka watu wake. Utetezi wa namna hiyo humtoa raia na kuiacha sheria ilipo, na Kongo ilikuwa imetangaza Machi 2024 kwamba inaacha kusitisha utekelezaji wa hukumu za kifo. Mkongo katika kesi ileile hana ubalozi wa kumwombea.

Kura za Umoja wa Mataifa zinasaidia chochote? (Msomaji, Zanzibar)

Hazimfungi mtu. Azimio la kusitisha kunyonga lilipita mara ya kwanza Desemba 2007 kwa kura 104 dhidi ya 54, na Desemba 2024 kwa 130 dhidi ya 32. Faida yake kwa balozi ni hoja. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini kwa miaka mingi ilijizuia kuipigia kura. 2024 iliunga mkono. Tanzania, ambayo mara ya mwisho kunyonga ilikuwa 1994, imekuwa ikijizuia. Afisa wake akienda kumwombea Mtanzania ughaibuni, mwenyeji anaweza kumuuliza kwa nini mahakama za kwao bado zinatoa hukumu ileile, na kwa nini hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ya Novemba 2019, iliyotolewa hapohapo Tanzania dhidi ya adhabu ya kifo ya lazima, haijabadilisha sheria yake.

Nikipigiwa simu leo kwamba mwanangu kakamatwa nje, nianze wapi, na ubalozi utamlipia wakili? (Msomaji, Mwanza)

Usitegemee kulipiwa. Balozi zetu kwa kawaida hutoa orodha ya mawakili, hufuatilia, na huhudhuria mahakamani. Mpango kama wa Mexico hatuna. Lakini katika nchi nyingi mahakama hulazimika kumpa wakili mtu anayekabiliwa na kifo, na ubalozi unaweza kuomba aliye mzembe abadilishwe ukiwa na sababu za maandishi.

Andika barua siku hiyohiyo kwa Wizara ya Mambo ya Nje, kitengo cha ubalozi mdogo, na nakala kwa ubalozi unaohusika. Weka jina kama lilivyo kwenye pasi, namba ya pasi, tarehe na mji aliokamatwa, kituo au gereza, shtaka kama unalijua, na simu ya mtu mmoja tu wa familia. Omba mambo matatu kwa maneno haya: afisa amwone, apewe mkalimani wa Kiswahili (wengi hutafsiriwa kwa Kiingereza wasichokielewa, kisha wakatia saini maelezo), na tarehe ya mwisho ya rufaa ijulikane. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa; ikija kuwa hoja kwamba ubalozi haukuarifiwa au ulichelewa, muhuri huo ndio ushahidi.

Mwambie mwanao, mkipata nafasi ya kuongea, aseme wazi kwa askari kwamba anataka ubalozi wake uarifiwe. Mkataba unampa yeye haki ya kutaka au kutotaka, na akinyamaza kuna nchi huandika kwamba hakutaka. Kisha anza kukusanya vyeti vyake vya shule na kadi za hospitali tangu utotoni, hata ile ya kliniki. Wakili ataziomba baadaye, na kuzitafuta huchukua miezi.